Foleni Itapinda Kulia

"Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia leo, foleni ya kumwona Mgeni itapinda kulia baada ya duka la maua, na si kushoto kama ilivyokuwa. Wanaombwa wasikanyage bustani."

Bi Wiesława alikisikiliza kipaza sauti bila kugeuza shingo. Duka la maua alikwisha kulipita tangu jana. Mbele yake alibaki mtu mmoja tu, tena yumo ndani.

Mgeni alipotua katika mji wa Kutno, redio ilisema tu kwamba ametoka nyota ya mbali kwa ajili ya lile swali kubwa la maisha, na kwamba atawapokea watu mmoja mmoja. Wakazi hawakuhitaji maelezo zaidi. Palipo na mlango uliofungwa walijua la kufanya: waliuliza nani wa mwisho, wakasimama nyuma yake.

Swali la Wiesława lilikuwa la mumewe. Zenon alitengeneza breki za treni maisha yake yote bila kuhoji lolote. Sasa alilala hospitali, ng'ambo ya reli, na juzi alimshika mkewe mkono akasema: "Wiesia, yote haya yalikuwa ya nini?" Wiesława akaahidi kumletea jibu.

Mlango ulifunguka. Akatoka profesa wa falsafa, kofia mkononi, uso umemwiva.

"Amesemaje, Profesa?" watu wakapaza sauti.

"Niacheni. Sikujiandaa." Akaondoka moja kwa moja, akiikata bustani katikati.

"Ndio wasomi wenu hao," alisema Bwana Ludomir, dereva wa basi mstaafu aliyesimama nyuma ya Wiesława. "Wakipewa ukweli bure wanaona haya kuupokea."

"Hebu nyamaza, mzee," alisema Wiesława. "Zamu yako ikifika tutakuona."

"Mimi, mama, nimesimama kwenye foleni ya karatasi ya chooni enzi zile za uhaba. Hii ya ukweli itanishinda?"

Simu ya Wiesława ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Bi Wiesława, pumzi zinapungua. Ukitaka kumkuta, njoo sasa hivi."

"Ananiulizia?"

"Anauliza kama umelipata."

Aliitazama barabara, kisha mlango. Mwanamke mwenye koti la manyoya, aliyekuwa akinyemelea pembeni, akatia bega.

"Kama unaondoka, shoga, nipishe."

"Wewe hukuwa hapa!" foleni nzima ilinguruma, na koti la manyoya likarudi lilikotoka.

"Nenda kwa mzee wako," Ludomir alimnong'oneza, mara hii bila mzaha. "Nafasi nitakushikia."

"Niende na nini mkononi?"

Karani akachungulia mlangoni.

"Anayefuata! Na tafadhali, usizungushe maneno. Mgeni amechoka, tangu afike hajaridhika na mtu hata mmoja."

Wiesława aliingia huku midomo ikirudia maneno ya Zenon, asije akapoteza hata moja. Chumba kilikuwa kidogo na kilinuka chai iliyopoa. Nyuma ya meza, kiti kikubwa cha ngozi kilikuwa kitupu. Mgeni, mrefu na wa kijivu kama koti lililonyeshewa mvua, alikuwa amejikunja kwenye kibao cha upande wa pili, kile wanachokalia wenye shida.

Alipomwona aliinuka upesi, akamwonyesha kile kiti kikubwa kwa mikono yake yote.

"Keti, mama," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Nimesafiri mbali sana, na kwetu hakuna aliyejua. Niambie wewe: yote haya yalikuwa ya nini?"

Nje, kipaza sauti kilikohoa. Idara iliyosimamia foleni ilikuwa imeamua kwamba, kuanzia kesho, wananchi walioshindwa kumjibu Mgeni wataruhusiwa kurudi mwisho wa foleni, baada ya duka la maua, upande wa kulia.