Shangazi na Bei ya Boga

Shangazi alionyesha vidole vinne. Bibi aliyekuwa upande wa pili wa meza akatikisa kichwa, akaonyesha vitatu.

Shangazi alidhani macho yanamdanganya. Miaka thelathini akinunua chakula cha jiko la shule, hakuwahi kuona muuzaji anayeshusha bei kabla hajabembelezwa.

Ilikuwa siku yake ya pili ugenini. Walipoingia katika soko la wakulima, binti wa kaka yake, mwenyeji wake, alimwonya: "Shangazi, huku watu hawapatani bei. Usije ukaniaibisha."

"Bei ni maelewano, mwanangu. Dunia nzima."

"Haya. Ukipunguziwa hata senti, naosha vyombo mpaka siku utakayoondoka. Ukishindwa, unaosha wewe." Akaenda zake kupanga foleni ya mkate.

Ndipo Shangazi, sweta kaifunga kiunoni, akaizunguka meza iliyojaa mboga, akasimama penye kivuli na kulipakata boga moja kama mtoto mchanga. Lugha ya huko hakuwa nayo hata ya kuombea maji. Lakini vidole havihitaji mkalimani.

Sasa akaonyesha viwili. Bibi akatoa macho. Akaonyesha kimoja.

Kimoja! Tena akaligonga boga, akalinusa, akakunja pua. Mfanyabiashara gani huyu, anayeitia kasoro mali yake mwenyewe? Shangazi akaingiwa na huruma.

"Usiseme hivyo, mama wee! Boga zuri hili, halina hata kovu," akalipapasa. "Kwa bei hizi wajukuu watakula nini?"

Bibi naye akajibu kwa lugha yake, taratibu, akamshika mkono kama anayempa pole ya msiba.

Wakakubaliana kimoja. Shangazi tayari aliiona mikono ya binti wa kaka yake imejaa povu hadi viwikoni. Akachomoa noti upesi, kabla mwenzake hajarudiwa na akili, akainyoosha juu ya boga.

Bibi naye alikuwa amenyoosha yake.

Noti mbili zikabaki hewani, zinatazamana. Binti wa kaka yake akatokea na mkate, na nyuma yake mwanamume mwenye aproni, anajifuta makombo mdomoni.

"Shangazi, huyu ndiye mwenye meza. Anaomba radhi, alikwenda kunywa chai. Anauliza, kati yenu wateja wawili, nani alitangulia?"