Kesi ya Kenge wa Kambini

"Nimemuua mimi," Nashwan alisema, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Sajini Boggs aliuzunguka mzoga mara mbili. Kenge alikuwa amelala ubavu katikati ya uwanja wa kupunga hewa, mrefu kama mguu wa mtu mzima, miba ya mgongoni imebonyea.

"We mzee, umechanganyikiwa?" sajini alinong'ona. "Huyu analindwa na serikali. Ukimdhuru ni faini dola elfu kumi na jela mwaka mmoja. Kibao kile pale, hujakisoma?"

"Nimekisoma miaka kumi na minne. Hamkunipa kitu kingine cha kusoma."

Kambi ile ya Wamarekani, kwenye pembe ya kisiwa cha Kuba, ilikuwa na sheria nyingi za kenge na chache za watu. Nashwan al-Hubayshi, fundi wa pampu za maji kutoka Taiz, Yemen, aliletwa pale kwa kushukiwa ugaidi. Hakushtakiwa. Mahakama ya kijeshi ilisema faili lake bado linaandaliwa. Mahakama ya kiraia ilisema mgeni aliyekamatwa na jeshi si wa kwake. Binti yake, Arwa, alizaliwa baada ya yeye kukamatwa, na kwenye picha ya mwisho alikuwa amempita mama yake kwa urefu.

Kesho yake asubuhi alikuja Kapteni Dolores Pruitt, wakili ambaye Nashwan alipewa na jeshi lilelile lililomfunga.

"Kweli ulimuua?"

"Wewe wakili wangu au mwendesha mashtaka?"

"Nauliza tu. Ulikuwa unamwekea maganda ya papai kila siku."

"Niambie kitu kimoja, Kapteni. Kosa la kenge anahukumu nani?"

Pruitt alipekua sheria kichwani. Kenge hakuwa adui wa vita. Hakuna jenerali aliyewahi kumtangazia vita kenge.

"Jaji wa kiraia," akasema polepole.

"Na nikipatikana na hatia?"

"Mwaka mmoja. Jeshi litakukabidhi kwa magereza ya kiraia. Ukimaliza, unarudishwa kwenu."

"Mwaka wenye mwisho?"

"Wenye mwisho. Na tarehe yake imeandikwa."

"Basi nitetee vizuri, dada yangu. Nifungwe."

Ndani ya wiki tatu alipata vyote alivyokuwa akiviomba kwa miaka kumi na minne. Alipata hati ya mashtaka kwa Kiarabu, yenye muhuri. Alipata mkalimani aliyemwita "bwana". Alipata daktari wa kuhakikisha kwamba analala vizuri, asije akaenda mahakamani amechoka. Ofisa wa wanyamapori akapanda ndege kutoka Florida kuja kumsomea haki zake.

"Una haki ya kunyamaza," ofisa alisoma.

"Rudia."

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Ni tamu tu."

Jioni ile alimwandikia Arwa. Alimwambia kwamba akijaliwa wataonana mwaka ujao, na kwamba asimcheke baba yake akimuuliza anavaa kiatu namba ngapi.

Kwa kuwa mfungwa wa kambi haruhusiwi kukanyaga ardhi ya Marekani kabla ya hukumu, Marekani ililetwa kwake kwa runinga. Kwenye kioo alitokea jaji, mama wa makamo, bendera nyuma yake.

"Nina hatia, mheshimiwa," Nashwan alisema kabla hata hajaulizwa.

"Polepole, bwana. Mtu aliyefungiwa anaweza kukiri lolote, kwa hiyo mahakama hii haihukumu kwa kukiri peke yake. Nataka ushahidi. Mzoga uko wapi?"

Mwendesha mashtaka, aliyekaa ng'ambo ya chumba kilekile cha kambi, alikohoa. "Jeshi limekataa kuutoa, mheshimiwa. Kila kitu kilichomo ndani ya uzio wa kambi ni siri ya taifa."

"Hata kenge?"

"Kenge, picha zake, na jina la aliyempima urefu."

"Wewe mwenyewe umemwona?"

"Sina kibali cha kumwona, mheshimiwa."

Pruitt aliinuka haraka. "Mheshimiwa, upande wa utetezi hauna pingamizi lolote. Tunamwamini mwendesha mashtaka kabisa."

"Kapteni, unamtetea huyu mtu au unamuuza?"

"Mteja wangu anaomba afungwe, mheshimiwa. Mwaka mzima. Hata faini—"

"Kaa chini."

Pruitt alikaa. Nashwan alimtazama, kisha akatazama kioo.

Jaji alivua miwani. Sauti yake ililainika, sauti ya mtu aliyesomea sheria kwa ajili ya siku kama ile.

"Bwana al-Hubayshi, sijui huko ulikotoka walikutendea nini. Lakini hii ni mahakama ya Marekani. Hapa hatumfungi mtu kwa ushahidi ambao haruhusiwi kuuona. Hatumfungi hata siku moja. Kesi imefutwa. Uko huru."

Akatabasamu, na kioo kikazima.

Mwendesha mashtaka, muungwana, akavuka chumba kwenda kumpa Nashwan mkono wa pongezi. Ilibidi asubiri kidogo, maana Sajini Boggs alikuwa bado anaufunga mkono wa Nashwan minyororo ya kurudi seli.