Povu

Tangu vijidudu vizoee dawa, kila nyumba hupewa chupa moja tu ya dawa ya kusafishia vidonda kwa mwaka. Zamda aliimaliza yao kwa wiki mbili, akiimimina asubuhi na jioni juu ya kidonda cha mguu wa mumewe Kibwana, mgonjwa wa kisukari. Ilitoa povu, naye aliamini povu ndiyo kazi yenyewe.

“Mara ya kwanza ingetosha, mama,” muuguzi alimwambia. “Zilizofuata zilikuwa zinaunguza nyama changa.”

Chupa nyingine itatolewa Januari; sasa ni Machi. Leo alimimina maji yaliyochemshwa yakapoa.

“Leo dawa haichomi hata kidogo, mke wangu,” Kibwana alisema akitabasamu. “Naona napona.”

Zamda alikitazama kidole cha mguu kilichoanza kuwa cheusi.

“Unapona,” alisema.