Ngwala ya Bi Mwanakombo

Sheria ilikuwa hiyo: ukifika sabini bila mkanda wa kahawia wa karate, mlango wa nyumba yako unamtii mwanao tu, si wewe; ukiwa nao, unakutii wewe peke yako. Bi Mwanakombo alikuwa na wa kijani, na magoti yanayolia kama bawaba. Siku ya mtihani, aliyepangiwa kupigana naye alikuwa mkwewe Riziki, mke wa mwanawe, mwenye mkanda mweusi.

"Mkwe, leo hata salamu hakuna?" aliuliza Bi Mwanakombo.

Riziki akasahau mapigano. Akakunja goti kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, ma—"

Ngwala ikampitia miguuni, akalala chali.

"Marahaba, mwanangu."

Ukumbi mzima ulicheka, mwamuzi naye akafuta machozi, akamfunga Bi Mwanakombo mkanda wa kahawia. Jioni Bi Mwanakombo aliugusa mlango kwa kidole chake, nao ukafunguka.

Riziki alileta uji kama kila siku. Ila leo aliuweka kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama kakaza miguu.

"Mbona hunisalimu, mkwe?"

"Uji huo hapo, mama."

Akaondoka kinyumenyume. Bi Mwanakombo akabaki na bakuli mkononi, akiutazama mlango ambao sasa haumjui mtu mwingine.