Jirani wa Nyota

Wazee walikuwa wamekwisha kata shauri: Saumu arudi kwa mumewe. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa akimsuka uani, maana mwana harudishwi kwa mume na nywele timutimu. Wajumbe wa mume walikuwa barazani wakinywa chai.

"Jana nimewafundisha watoto shuleni nyota zinavyolipuka," Saumu alisema. Alikuwa amekonda hata mishipa ya shingo ilihesabika.

"Kumbe nazo hulipuka?"

"Ndiyo, mama. Kuna ile kubwa, inayochoma kuni zake zote. Zikiisha, inaelemewa na uzito wake mwenyewe, inaporomoka, ndipo inapasuka. Lakini kuna ndogo, iliyokwisha kufa zamani. Hiyo humnyonya jirani yake, siku baada ya siku, mpaka inavimbiwa. Ikipasuka, halibaki hata jivu."

Bi Tatu alisimamisha chanuo. "Na huyo jirani?"

"Akijaaliwa, hutupwa mbali, akaenda zake peke yake."

"Asipojaaliwa?"

Saumu aliinamisha kichwa zaidi, kama anayemrahisishia mama kazi.

"Mama mkwe!" kaka wa mume aliita. "Unasuka mkeka huko? Jua linatuacha!"

"Subirini, baba! Kazi ya mikono haina mbio."

Kisha Bi Tatu akaanza kufumua, taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine. Saumu akalishika goti la mama yake kwa nguvu. Barazani viti vilisukumwa, na mchakacho wa viatu ukaanza kuja uani.