Kamba ya Buluu

Kamba ilikuwa ya buluu, na Waithira aliitambua kabla hajaufikia mlango. Ncha yake ilikuwa imeungua. Aliiunguza yeye mwenyewe kwa kiberiti, miaka kumi na mitano iliyopita, ili isifumuke.

Ilitokea kwenye tundu la hewa juu ya mlango wa chumba namba tisa. Fundo kubwa lilikuwa limekwama pale tunduni, limekaza, kana kwamba ndani kuna kitu kizito kinachoivuta. Kipande kilichobaki kilining'inia nje hadi usawa wa uso wake.

Chumba kilikuwa cha Ronny, mwanawe wa miaka ishirini na miwili, aliyepoteza kusikia kwa homa akiwa bado ananyonya. Alihamia hapa Kiuu wiki tatu zilizopita na godoro, meko ya gesi na sufuria mbili. Kituo cha mafunzo kule Thika ndicho kilichomtafutia chumba, na mwalimu wake, Erastus, hakumung'unya maneno: "Mama, mpe mwezi mmoja. Usiende kumpikia, usiende kumfulia. Akishindwa, tutamrudisha kwako."

Waithira alikubali kwa mdomo tu. Mtoto asiyesikia hata lori likipiga honi, anaachwaje peke yake? Kila asubuhi alimtumia ujumbe, na kila asubuhi Ronny alimjibu kwa picha ya kikombe chake cha chai. Leo ujumbe ulibaki na tiki moja. Ilipofika saa sita bila chai, Waithira alifunga kibanda chake cha mboga pale Landless akaja mbio, hata miwani akaisahau mezani.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Waithira hakuwa ameona ung'ongo. Alikuwa ameona kamba yake mwenyewe.

Ronny akiwa na miaka saba alikuwa akitoka nje na kwenda moja kwa moja barabarani. Waithira alikuwa na vibarua vya kuchuma kahawa na hana wa kumwachia. Kwa hiyo alimfunga mguu kwenye kitanda, asubuhi hadi jioni, kwa miaka miwili. Majirani walimsifu kwamba anampenda mtoto. Siku ya kuhama waligombana kwa ishara za mikono. Mwishowe Ronny aliinua suruali, akamwonyesha kifundo cha mguu, akabeba begi lake. Jioni hiyo Waithira aliona msumari wa nyuma ya mlango uko mtupu. Alidhani ameenda kuitupa kamba ile, na akashukuru.

Alisukuma mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Malapa ya Ronny yalikuwa kizingitini, meupe kama ya mtu aliyekanyaga chokaa.

"Unatafuta yule boy wa namba tisa?" Msichana mmoja aliinama kwenye reli ya ghorofa ya juu. Alisema jina lake ni Becky, na kwamba alihamia Jumatatu.

"Ni mwanangu. Umemwona?"

"Nimemsalimia mara mbili kwa ngazi, ananyamaza tu. Nikaona huyu ni mtu ako na mawazo mingi." Becky alipunguza sauti. "Mchana huwa hatoki kabisa, mum. Mlango ni kufungwa tu."

Waithira aliugeukia tena mlango. Hapo ndipo alipoiona karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa selotepu. Bila miwani aliona ukungu wa wino mwekundu, lakini mwandiko aliujua: herufi kubwa kubwa, zote zimelalia kushoto. Ronny alikuwa ameandika kitu, akakibandika nje, kisha akajifungia ndani na kamba ile.

Angeweza kumwita Becky ashuke amsomee. Hakumwita. Aliogopa.

Alikimbia hadi kwa fundi wa mageti pale kwenye kona, mwanamume aliyeitwa Kivuva, akamvuta mkono na grinda yake na waya wake wa stima. Njiani alijisemea maneno yale yale: ningekuja jana, ningekuja jana. Na Erastus atamjibu nini? Mwezi mmoja! Nani alimpa mtu yule mamlaka ya kumpimia mtoto wake mwezi?

Kivuva aliutazama mlango, kisha akaitazama kamba. Akaacha kutafuna miraa.

"Mathe, nikiwasha hii, huu mlango umeenda."

"Kata."

"Lakini umebisha vizuri?"

"Ni kiziwi! Nibishe nini? Kata, nimekwambia. Nitajibu mimi."

Grinda iliunguruma. Waithira alisimama nyuma yake akiomba kwa Kikuyu. Alimwomba Mungu msamaha kwa miaka yote miwili, siku moja moja, kwa kila fundo alilofunga asubuhi na kulifungua jioni. Alimwahidi kwamba akimkuta mzima atamrudisha Landless leo hii, na hatamwachilia tena.

Grinda ikanyamaza.

"Ngoja nitoe hii karatasi," Kivuva alisema. "Cheche zitaichoma." Alianza kubandua selotepu, kisha mkono wake ukasita. Alikuwa anasoma.

"Usinisomee," Waithira alisema. "Tafadhali, ndugu yangu, usinisomee."

Aliziba masikio, lakini sauti ya Kivuva ilipenya katikati ya vidole.

"'Mimi ni kiziwi,'" alisoma polepole. "'Nafanya kazi bakery usiku, mchana nalala. Usibishe. Vuta kamba, nimeifunga kwa mguu wangu.'"

Waithira aliishika ile ncha iliyoungua, akavuta.

Kutoka ndani, kamba ikavutwa mara mbili.