Sikio la Kazi

La, kiziwi hakuwa, nani kakwambia? Siwema alikuwa akisikia vizuri kuliko wewe. Shida ni ile amri ya waajiri: kila aliyeajiriwa sikio lake la kulia lirekebishwe lisikie kila sauti juu zaidi, lipokee sauti za kazini. Basi sauti ile ile, moja likiisikia nyembamba, jingine linaisikia nzito, na hayakubaliani tena sauti imetoka wapi.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiita hutaja kwanza alipo: "Uani! Mama!" Lakini Mize wa Siwema ana miaka miwili, kutaja hajui. Mchana ule alinasa nyuma ya mapipa ya maji, akawa analia, "Mama! Mama!" Siwema akakimbilia chumbani, akarudi jikoni, akatoka mpaka barabarani.

Mama yake Siwema hajawahi kuajiriwa, masikio yake bado ni ndugu. Aliweka mwiko chini, akaenda moja kwa moja, akamtoa.

"Nilimsikia tangu mwanzo, mama."

"Kusikia ulisikia, mwanangu. Kufika ndiko hukufika."

Kesho yake Mize alipojikwaa hakuita mama. Aliita bibi. Siwema alisikia, hakuinuka. Akapakua wali, wote wakaketi kula, naye akakaa mkabala na mtoto, amwone mdomo.